Mwavuli wa Liwali Mbaruku

Hapo zamani, siku ya Jumanne, saa tisa ya alasiri, katika mji wa Shangamu, binti mmoja mshona kofia, jina lake Mwanakheri, alisimama mbele ya Liwali Mbaruku kuomba chumba. Nyumba yenyewe ilikuwa mali ya Liwali, na ndani yake walikwisha kupanga wanawake wawili, Bi Somoe na Bi Ruzuna. Mwenzao wa tatu alikuwa ameolewa akahama, na Liwali amewaambia kwamba nyumba yake ni ya watu watatu. Wasipompata wa kumridhisha kufika kesho, watoke wote.

"Bwana Liwali," akasema Bi Somoe, "mwenzetu ndiye huyu. Ni msafi, hana makelele, na pilipili anatia kwa kiasi."

"Pilipili hainihusu. Ewe binti, nani amepata kukukopesha, ukamlipa?"

Mwanakheri akatabasamu, kwani jibu alikuwa nalo tayari. "Hakuna, Bwana. Tangu kuzaliwa sijakopa hata chumvi."

Alidhani atasifiwa. Kumbe amejiharibia.

"Basi nitajuaje kama unarudisha cha watu?" akasema Liwali. "Kesho asubuhi niletee mtu wa mji huu, ninayemwamini, aliyekukabidhi kitu chake ukamrudishia kizima. Usipomleta, wewe na wenzio tafuteni pengine."

Mwanakheri akaenda kwa mwenye duka, akamwomba uzi wa kukopa. "Liwali mwenyewe hajakuamini, nikuamini mimi?" akasema mwenye duka. "Akuamini yeye kwanza, kisha uje." Mwuza samaki naye akamwambia yaleyale, ila huyu alicheka.

Basi akarudi kwa Liwali, akaketi barazani. Mara mvua ikashuka, na ndani harufu ya samaki wa kupaka ikapanda. Na ada ya mji huo ilikuwa hivi: chakula hakiandaliwi machoni pa mtu ila akaribishwe. Liwali alikuwa na wazee wawili wa kuwalisha, na samaki alikuwa mmoja.

"Binti, si uende zako?"

"Ningekwenda, Bwana, lakini nguo yangu ndiyo hii moja. Ikilowa, kesho nitasimamaje mbele yako?"

Liwali akawatazama wazee, akanusa harufu ya samaki. "Chukua huo mwavuli mlangoni, uende!"

Mlangoni palikuwa na mwavuli mmoja tu, mwekundu, wenye shada za fedha, ule aliofunikwa nao Liwali siku za sherehe.

"Nimepewa, Bwana, au nimeazimwa?"

"Umeazimwa! Kesho asubuhi uurudishe mzima!"

"Wazee wangu, mmesikia?"

"Tumesikia," wakaitika wazee, nao wana njaa. "Nenda, mwanetu!"

Ikawa kila alipopita, watu wakatoka vibarazani na mvua yote ile, wakainama. "Shikamoo, Bwana Liwali!" Na sauti nyembamba ikajibu chini ya mwavuli, "Marahaba."

Asubuhi yake Mwanakheri akaufuta mwavuli hata ukakauka, akaishona shada moja iliyokuwa imelegea, akaupeleka. Wazee wawili walikuwapo, Bi Somoe na Bi Ruzuna pia, matandiko yao yamekwisha kufungwa.

Liwali akaupokea mwavuli, akaugeuza huku na huku, asione kasoro. "Vema. Na huyo shahidi wako yuko wapi?"

"Amenitangulia kufika, Bwana. Ndiye aliyekalia kiti."

Liwali akashtuka. "Mimi? Mwavuli si nyumba!"

"Kweli, Bwana. Mwavuli huu ukipita, mji mzima husimama. Chumba kile hakisimamiwi hata na paka."

Mzee mmoja akakohoa. "Bwana Liwali, ulitaka mtu unayemwamini. Je, wewe hujiamini?"

Liwali akacheka hata kilemba kikamwangukia puani. Akatoa ufunguo, akaamuru chai na vitumbua viletwe, na safari hii wote wakakaribishwa.

Walipokwisha kula, Mwanakheri akahamia na mkeka wake na kikapu cha nyuzi. Hajautandika mkeka, Bi Ruzuna akachungulia mlangoni.

"Shoga, niazime sindano."

Mwanakheri akamtazama juu hadi chini. "Nani amepata kukuazima, ukamrudishia?"

"Usimpe!" akapiga kelele Bi Somoe kutoka jikoni. "Yangu ya mwaka jana sijaiona hadi leo!"

Mwanakheri akampa sindano, na uzi juu yake.