Tandiko la Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya walioshiba au ya wanaongoja kula? Na nyinyi watu wazima mlioegemea ukuta, mnaitika pia. Hadithi hii si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mlima ulipokuwa na njia moja tu, walikuwako marafiki wawili, Nungunungu na Pimbi. Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene, hana mkia, anakaa majabalini. Nungunungu naye mnamjua, na kama hamumjui waulizeni mbwa wenu. Wanyama wote walimwita Nungunungu, basi. Pimbi peke yake ndiye aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Alimwita Mlekwa.

Nungunungu alikuwa na sifa yake nchi nzima. Alikuwa bingwa wa kusafiri mwepesi. Wenzake wakibeba chungu, yeye anabeba kibuyu. Wakibeba kibuyu, yeye anabeba kifuu. Mswaki wake aliukata, ukabaki kipande cha ncha ya kidole, eti mti wa kushikia ni mzigo. Kijiko chake alikivunja mkono. Akila uji wa moto anaungua vidole, na bado anajisifu. Akitembea miba yake inalia, chaka-chaka, chaka-chaka, naye anaimba:

Mzigo mwepesi, mlima mfupi,
mzigo mzito, mlima mrefu.

Itikieni: mlima mrefu. Ehe, hivyo hivyo.

Sasa, Pimbi alikuwa na binti aliyeolewa ng'ambo ya mlima. Binti akajifungua. Na kwa pimbi kuna mila. Mtoto hapewi jina mpaka babu yake mzaa mama afike amnong'oneze sikioni. Jina halitumwi na ndege. Linakwenda mdomoni mwa babu. Mpaka siku hiyo mtoto anaitwa Huyu. Huyu amelala, Huyu ananyonya, mchukueni Huyu. Basi binti akatuma salamu: baba njoo, mwanangu amechoka kuitwa Huyu.

Na pamoja na salamu akatuma tandiko. Alilisuka mwenyewe kwa ndevu za miti, zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini kule juu kwenye ukungu. Alijua anachokifanya. Pimbi hawana joto lao wenyewe, wanangu. Jua likiwaka wana joto. Wakilala kifuani kwa wenzao wana joto. Pimbi aliye peke yake kwenye baridi ni kaa lililotolewa jikoni.

Pimbi akamwomba Nungunungu waende wote. Nungunungu akamtania, akamwuliza tangu lini babu akaogopa kutembea peke yake. Pimbi akasema haogopi, ila jina ameshalichagua, na anataka rafiki yake awepo alisikie kwa masikio yake. Jina gani? Pimbi akacheka tu. Jina halitoki njiani.

Wakafika chini ya mlima. Pale pana jiwe kubwa linaitwa Jiwe la Kupekuana. Wanyama wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Hakuna anayepanda mlima mpaka wapekuane. Wewe unafungua furushi langu, mimi nafungua lako. Ukiona kisichofaa unakitoa, unakiacha pale jiweni, na mwenyewe haruhusiwi kubisha. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anapenda takataka zake. Wewe hapo nyuma usicheke, uvungu wa kitanda chako naujua.

Pimbi akaanza. Akafungua furushi la Nungunungu. Halikuwa na kitu. Kifuu, mswaki, kijiko. Na chini kabisa mfupa mmoja mkavu wa nyati, mzito. Pimbi akauinua kwa mikono miwili.

Nungunungu akaona haya. Bingwa wa wepesi, na ana mfupa. Akainamisha uso, akangoja utolewe.

Pimbi akaurudisha. Akasema, "Wewe bila kutafuna mfupa hupati usingizi, Mlekwa. Beba."

Ikawa zamu ya Nungunungu. Akafungua furushi la Pimbi. Likafumka, fuuu. Tandiko likatokeza, limetuna kama mkate wa kumimina. Wanyama wengine walikuwapo pale jiweni na wao wanapekuana. Kulikuwa na Nguchiro, kulikuwa na Kanga na wanawe. Wakageuka kutazama. Bingwa anapekua.

Nungunungu akaona anatazamwa. Hapo ndipo yalipoharibikia. Hakulipima tandiko. Hakulitia hata mkononi akaona uzito wake. Alilitazama kwa macho, akaona kubwa, akasema kubwa ni zito, libaki jiweni.

Pimbi akasema polepole kwamba yeye ana baridi ya kuzaliwa. Nungunungu akamjibu, na akajibu kwa sauti ili Nguchiro asikie: "Ukitembea utapata joto. Mimi nimelala mlima huu bila hata jani, na sikufa."

Pimbi alitaka kusema neno. Lakini desturi haibishwi. Na isitoshe, rafiki yake alikuwa anatazamwa na watu, akaona amtunzie heshima yake. Akalifunga furushi lililobaki. Tandiko likaachwa jiweni.

Wakapanda. Chaka-chaka, chaka-chaka, na Pimbi nyuma yake, tipu, tipu, tipu.

Mzigo mwepesi, mlima mfupi,
mzigo mzito…

Mlima mrefu.

Naam. Na asubuhi ile ulikuwa mfupi kweli. Jua linawaka. Wakapita msituni, wakapita mianzini, wakatoka kwenye majani mafupi ya juu. Pimbi akaimba naye. Nungunungu akamwambia, unaona? Pimbi akasema anaona. Walifurahi, wallahi. Siwezi kuwaficha kwamba walifurahi.

Alasiri ukungu ukateremka. Kwanza ukafunika kilele. Kisha ukafunika njia. Kisha Nungunungu akawa haoni pua yake. Ikaja mvua, na mvua ile ikawa ya mawe. Ko, ko, ko, ko. Nungunungu akakunja miba, mawe yakadunda yakaenda zake. Pimbi hana miba. Manyoya yakalowa mpaka kwenye ngozi.

Walikuwa wanaliendea pango la kulala wasafiri. Wakalifikia, na pango limejaa maji mpaka mlangoni. Wakarudi, wakajibanza chini ya mwamba ulioinama. Jua likazama wasilione. Upepo ukaanza.

Pimbi akatetemeka. Meno yakagongana, ta-ta-ta-ta. Nungunungu akachuma majani amfunike, majani yamelowa. Akamwambia aruke ruke, akaruka kidogo akakaa. Akaenda akasimama upande wa upepo, akajifanya ukuta. Upepo ukapita katikati ya miba, fyuuu.

Hapo Nungunungu akaacha kuzungumza habari za mlima. Akaanza kulifikiria lile tandiko. Akaliona lilivyokuwa, kijivu, limetuna, limekaa pale jiweni. Akasema moyoni, nirudi nikalichukue? Njia haionekani. Na akirudi, nani atakaa na Pimbi?

Pimbi akasema, "Sogea karibu."

Akasogea.

"Basi, ndugu yangu. Rudi. Unanichoma."

Akarudi. Akakaa palepale hatua moja tu kutoka kwa rafiki yake, na mwili wake una moto tele, moto wa kuwatosha pimbi watatu, na hana njia ya kumpa. Akalia. Ndiyo, nungunungu hulia. Mlidhani ni nyinyi tu?

Kisha akageuza shingo, akashika mwiba mmoja wa ubavuni kwa meno, akaung'oa. Pyu! Akashika wa pili, akaung'oa. Pyu! Damu ikatoka. Akaendelea. Kila mwiba anautupa nyuma yake gizani, na kila mwiba anasema, nisamehe. Pimbi alikuwa hatetemeki tena. Nungunungu akadhani ni nafuu. Si nafuu, wanangu. Baridi ikimaliza kumtetemesha mtu imeshamchukua.

Akang'oa mpaka ubavu mmoja ukabaki ngozi tupu. Akaulaza ubavu ule juu ya Pimbi, akamfunika. Wakakaa hivyo. Na kulipokaribia kupambazuka joto likapenya kidogo, si la kumwinua, ila la kumlegeza ulimi. Pimbi akafungua macho.

Nungunungu akamwomba radhi. Akasema, tandiko nililitoa mimi, na sababu hakuna, nilikuwa natazamwa tu. Pimbi hakujibu hilo. Alikuwa na pumzi chache na kazi moja. Akasema yeye hatafika, na jina lazima lifike. Leo litabebwa na rafiki. Akamvuta sikio karibu.

"Mwambie mtoto anaitwa Mlekwa," akasema. "Nililichagua toka siku ile salamu zilipokuja."

 Nungunungu akataka kumwambia, hapana, chagua jingine, lolote, hata la Nguchiro. Akatazama. Pimbi alikuwa ameshakwenda.

Jua likachomoza. Jua zuri, kama lile wanalolipenda pimbi, wanapotoka majabalini wakapangana kuota. Likamwangaza Pimbi pale chini ya mwamba. Likamkuta amechelewa, au lenyewe ndilo lililochelewa, mimi sijui.

Nungunungu akamzika kwa mawe. Akaenda na jina. Halina uzito, jina. Halijazi furushi, halilowi, halivunjiki. Na yeye, bingwa wa wepesi, alipumzika kila penye kivuli. Hakuimba.

Akafika. Binti wa Pimbi alikuwa mlangoni kwenye jabali, mtoto kifuani. Akamwona Nungunungu, akatazama nyuma yake, hakuona mtu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu."

Akamwambia baba yake hayupo tena. Binti akakaa chini. Pimbi wote wa jabali lile wakatoka wakalia, na kilio cha pimbi mmewahi kukisikia, kinapanda, kinapanda, kinakatika. Kilio kilipotulia, binti akauliza jambo moja tu.

"Tandiko langu halikumfikia?"

Angeweza kusema halikumfikia. Nani angejua? Nguchiro hakuvuka mlima. Lakini alikuwa amebeba mdomoni jina alilopewa na mtu mkweli, akaogopa kulichafua. Akasema lilimfikia. Akasema walipekuana, akalitoa yeye. Akasema halikuwa na kosa lolote lile tandiko.

Binti akautazama ubavu wake mtupu, umekauka damu. Hakumtukana. Ingekuwa heri amtukane. Akamnyooshea mtoto, akamwambia atoe jina.

Nungunungu akainama. Akanong'ona.   Binti akalisikia, akafunga macho kwa muda mrefu.

"Ni la baba," akasema mwishowe. "Siwezi kulikataa."

Kuanzia siku hiyo ikawa kila asubuhi kule jabalini, jua likitoka, mama anaita, "Mlekwa, Mlekwa, njoo uote jua." Na Nungunungu, siku chache alizokaa, kila akiitwa mtoto yeye anageuka. Akashindwa. Akaaga.

Akarudi kwa njia ileile. Akafika kwenye Jiwe la Kupekuana. Tandiko lilikuwa palepale, limelowa likakauka, panya amezaa ndani yake, watoto wamelala unono. Akangoja mpaka wakakua wakaondoka. Kisha akalishika. Mara ya kwanza kulishika. Akaliinua juu.

Halikuwa na uzito wowote. Akachukua mfupa wake, akautia mkono huu, tandiko mkono huu. Mfupa ukavuta mkono chini. Mfupa ule ule ambao Pimbi aliushika kwa mikono miwili, akajua uzito wake, akamrudishia.

Akauacha pale jiweni. Akaondoka na tandiko. Na mpaka leo, mkipita njia za porini, mnaokota miba ya nungunungu. Mmoja hapa, mmoja kule. Watu husema imedondoka. Haikudondoka. Anaing'oa mwenyewe, anajiandaa, siku nyingine asikute rafiki yake ana baridi na yeye hana pa kumfunika.

Basi sikieni, wadogo na wakubwa. Kusafiri mwepesi ni vizuri, wala simkatazi mtu. Punguza mzigo wako upendavyo, ukate hata mswaki. Lakini mzigo wa mwenzio usiupime kwa mgongo wako, wala baridi yake usiipime kwa ngozi yako. Uupime kwanza kwa mkono kabla hujasema tupa.

Hadithi yangu imeishia hapo, jiweni, mfupa ulipobaki. Atakayepita aniachie, asiuchukue.