Pumzi ya Tangi

"Umeiua injini yangu, Kibanga!"

"Nimeiua mimi? Kwani ilikuwa hai lini, mzee?"

Mnacheka, lakini ugomvi huo ndio uliozaa msemo mliousikia gereji: Aliyeziba tangi asilaumu injini. Ulianza hivi, kwenye kona za mlima wa Lushoto.

Mzee Shekiondo alikuwa na gari kuukuu. Ndilo lililomleta mkewe siku ya ndoa yao, naye mzee akaapa kwamba binti yao Zaujia atakwenda kwa mumewe ndani ya hilohilo. Mashemeji walimcheka. Sasa siku imefika, watu wanasubiri kule juu, na gari linakohoa, linazima. Mzee anafungua tangi, anachungulia mafuta, anafunga. Likipigwa stata, linawaka. Kona mbili mbele, kimya tena.

Fundi Kibanga, aliyelitengeneza jana na leo kapanda nao, alisafisha plagi. Akapuliza kabureta mpaka macho yakamtoka. Wapi!

"Injini msaliti hii!" Mzee akapiga gurudumu teke. "Kesho naiuza chuma chakavu!" Kusema kweli, machozi yalikuwa karibu.

Kwenye kiti cha nyuma, Zaujia alikuwa akimvuta kanga somo wake aliyemfunda, Bi Mwantumu, akitaka kusema neno.

"Nyamaza wewe. Bibi harusi hasemi mpaka afike."

"Basi kwa hivi sitafika!" Zaujia akafunua shela. "Baba! Kila ukifungua tangi, gari linawaka. Kwani kwenye mfuniko umeweka nini?"

Mzee akababaika. "Nailoni tu. Na kipande cha tyubu, nikakaza. Ningekuachaje ufike kwa watu unanuka petroli, mwanangu?"

Kibanga akakimbilia mfuniko, akaufungua. Fyuuu! Tangi likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.

"Mzee, umelinyonga! Hewa isipoingia, petroli haitoki. Injini ilikuwa inakufa njaa!"

Nailoni ikatupwa, na tyubu nayo. Gari likawaka, likanguruma. Bi Mwantumu akasahau habari za kunyamaza, akapiga vigelegele hadi mbuzi wa bondeni wakatimua mbio.

"Lakini na hii injini nayo..." mzee akaanza.

"Baba," Zaujia akamkata, "aliyeziba tangi asilaumu injini."

Mzee akaitazama mikono yake. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akageuka, akaenda mbele ya gari kuiomba injini radhi.