Kindi, Kifaru na Ramani ya Kokwa

"Hadithi, hadithi!"
"Itoe, tumekaa!"
"Nikiitoa mtaiweka wapi?"
"Kila mtu na kipande chake!"
"Na mmoja akisinzia?"
"Mwenzake atamkumbusha!"

Haya basi. Hapo kale, lakini si kale sana, wanyama walikuwa wameshapata kompyuta. Umeme waliuchukua juani. Buibui ndiye aliyekuwa fundi wa mtandao. Alivuta nyaya zake kutoka tundu hadi tundu, shimo hadi shimo, hata Kobe wa bondeni akaweza kumsalimia Kanga wa kilimani bila kunyanyua mguu.

Katika pango kubwa alikaa Mzee Kifaru, na ndani ya pango ilikuwamo seva, yaani kompyuta kubwa inayowatunzia wengine vitu vyao. Kutwa ilinguruma, vuuu, vuuu. Sasa ukoo wa vifaru una desturi moja, msicheke: hata haja kubwa huenda kuitua palepale walipoitua jana, lundo moja, mwaka baada ya mwaka. Mzee Kifaru aliionea fahari desturi hiyo. Akatangaza, "Kila mtu alete kumbukumbu zake kwangu. Mahali pamoja! Mimi nina nguvu, na cheti cha kompyuta ninacho."

Cheti hicho alikitundika kwenye pembe, kikamziba jicho moja. Darasani hakuwahi kukaa hata siku moja. Alikwenda tu kukiomba, na Mwalimu Korongo alipoiona ile pembe, alikipiga muhuri upesi.

Kindi yeye alisoma kweli, lakini wiki tatu tu. Wiki ya kwanza alijifunza kukata kumbukumbu vipande na kuvipa namba. Wiki ya pili, kuweka nakala ya kila kipande katika nyumba tatu. Wiki ya tatu, kuzifanya nyumba ziulizane zenyewe. Wiki ya nne mama yake akavunjika mguu, Kindi akarudi nyumbani kufukia kokwa za kiangazi. Somo la nne, la orodha kuu, likampita.

Alifukia kokwa mia tatu katika mashimo mia tatu. Na kwa kuwa ukoo wa kindi husahau, alichora ramani. Kwa kuwa amri ilikuwa amri, ramani akaipeleka kwa Kifaru.

Kiangazi kikaja. Chakula kikaisha. Mama hawezi kutembea, na wadogo zake wanne wanalamba maganda matupu, lamu, lamu. Kindi akaenda pangoni.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea upande huu, huku nina cheti."

"Ni mimi, Kindi. Naomba ramani yangu."

"Lete vikapu viwili vya kokwa."

"Kokwa ziko ardhini, mzee. Ramani ndiyo inayojua ziliko."

"Basi lete kokwa, nikupe ramani, ukachimbe kokwa."

"Nikiwa na kokwa, ramani ya nini tena?"

"Hayo ni mambo ya wiki ya nne," alisema Kifaru. "Wewe uliishia ya tatu."

Kindi aligeuka aondoke, machozi yanamlenga. Mara akasikia: ti-ti-ti! Ti-ti-ti!

"Mzee, mbona seva inalia?"

"Imejaa," alinung'unika Kifaru. "Fisi wa ng'ambo wanataka niwatunzie vyao. Wameahidi matikiti, mkokoteni mzima! Na sina pa kuviweka." Udende ukamtoka, to, to, to.

Kindi akafuta machozi. "Mzee, ungependa pango lako liwe kubwa kama msitu?"

"Litakuwaje?"

"Katakata kumbukumbu zote. Kila kipande kiandike jina na namba. Kisha tumia nyumba za watu kama rafu zako. Wao walinde, wewe ule matikiti."

"Wataniibia!"

"Nani aibe kipande? Babu Kobe akipata mistari mitatu ya ramani yangu, ataifanyia nini? Na kila kipande kiweke nyumba tatu, huyu akizima kompyuta yake, yule awe macho."

Kifaru akacheka mpaka cheti kikapepea. "Lakini orodha ya nani ana nini itakaa kwangu peke yangu!"

"Orodha mimi siijui, mzee. Haikuwamo katika wiki zangu tatu."

"Mtoto wa watu! Hajui hata orodha!" Kifaru akabonyeza. Kacha, kacha, vikakatwa. Zii, zii, vikapita kwenye nyaya za Buibui. Alikata kila kitu, hata kumbukumbu ya njia ya kwenda kwenye tope lake la kiangazi, ili matikiti yapate nafasi.

Kindi akakimbia nyumbani, akawasha kompyuta yake ndogo.

"Babu Kobe, una nini?"

"Nina kipande cha kwanza cha ramani yako, mjukuu wangu. Hakina maana yoyote."

"Nipe." Zii.

"Mama Kanga, una nini?"

"Nina cha pili, mwanangu. Kimenijazia nyumba bure."

"Nipe." Zii.

"Kaka Nyani, una nini?"

Nyani amelala, kompyuta kaizima. Wadogo wakamtazama dada yao.

"Mjomba Nungunungu, una nini?"

"Nina cha tatu. Pacha wa kile cha Nyani."

Zii. Vipande vikajipanga kwa namba zake, ramani ikatimia. Kindi akachimba, chubu, chubu. Mama akala. Wadogo wakala, kru, kru.

Habari ikasambaa. Msitu mzima ukawa "Una nini? Nipe! Una nini? Nipe!" Pangoni haendi mtu.

"Orodha ninayo mimi!" alinguruma Kifaru. Hakuna aliyeiulizia. Kwa hasira akaivamia seva kwa pembe: pu! Vuuu ikakatika, na orodha ikaenda nayo. "Haya! Sasa msitu wote umesahau!"

Akatega sikio.

"Mama Kanga, una nini?" ilisikika sauti ya Kobe.

Jua likawaka. Ngozi ya Kifaru ikaanza kupasuka, naye njia ya kwenda topeni haikumbuki. Alizunguka, akazunguka, akafika chini ya mkwaju wa Kindi. Maishani mwake hakuwahi kubisha mlango wa mtu.

"Ho... hodi."

"Karibu, mzee. Una nini?"

Kifaru akainamisha kichwa. "Nina cheti tu."

"Pole. Kipande chako cha kwanza hiki hapa, chukua. Vilikatwa thelathini. Cha pili kakibishie Babu Kobe, bondeni. Ukimkuta amelala, nenda kwa jirani yake. Na hodi uitamke vizuri, mzee, wengine wana watoto wachanga."

Basi, wenzangu, mafunzo ya hadithi hii ni haya. Kila ulicho nacho mpe mwenye nguvu, akuwekee mahali pamoja, wala usiulize. Na masomo yamalizeni yote, hasa wiki ya nne, maana bila orodha kuu na cheti, kokwa hata moja hutaiona.

Hadithi nimeikata hapo. Kipande cha mwisho ninacho mimi. Vingine gawaneni, na atakayeulizwa asinyime.