Matanga ya Mtopwa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, sogeeni. Zamani, zamani hizo, katika kijiji kimoja aliishi Bibi Sihaba. Alikuwa na wana wawili, Mtopwa na mdogo wake Chikawe.

Wafalme wa mbali wakagombana. Vita vyao vikaizunguka dunia nzima, vikavuka bahari, vikaingia hata kijijini, kwa watu wasiowajua wafalme hao kwa sura wala kwa jina.

Wakaja watu wa bendera ya kwanza. Wakamfunga Mtopwa kamba shingoni, wakamtwika sanduku la risasi. Haya, twende! Akaenda. Wakaja watu wa bendera ya pili. Wakamfunga Chikawe kamba shingoni, wakamtwika sanduku la risasi. Haya, twende! Naye akaenda.

Vita vikaisha. Bendera ya pili ikashinda. Chikawe akarudi amekonda, mifupa mitupu. Mtopwa hakurudi. Mwenzake aliyemzika porini ndiye aliyeleta habari.

Washindi wakaweka jumbe mpya. Jumbe akapiga mbiu: "Aliyembebea adui mizigo asililiwe! Hakuna matanga, hakuna ngoma!" Chikawe akapewa kofia nyekundu, akawa tarishi wa jumbe.

Asubuhi Bibi Sihaba akanyoa nywele. Akatandika mikeka uani. Akapiga ngoma ya msiba. Ndi! Ndi! Ndi!

Majirani wakachungulia. Hakutoka mtu.

Jumbe akamtuma Chikawe.

"Mama, nimeagizwa niichukue ngoma."

"Ichukue, mwanangu. Kinu kipo."

Chikawe akaibeba ngoma. Hajafika mbali, akasikia: Twi! Twi! Twi! Mama yake anatwanga kinu kitupu, analia: "Mtopwa wangu! Mtopwa wangu!"

Akarudi mbio. "Mama, watatunyang'anya shamba!"

"Najua."

"Kaka alimbebea adui!"

"Adui wa nani, Chikawe? Kamba yako na kamba yake, ipi ilikuwa laini?"

Chikawe akajishika shingo. Kovu lilikuwa bado bichi. Akaiweka ngoma chini, akavua kofia, akapiga magoti.

"Mama, ninyoe na mimi."

Akanyolewa. Sasa ngoma na kinu vikalia pamoja. Ndi! Twi! Ndi! Twi!

Jumbe akaja mwenyewe na askari wake, amefura kwa hasira. Kabla hajafungua kinywa, mkewe, Bi Somoe, akampita. Kichwa chake kimenyolewa. Akaketi mkekani.

"Somoe! Rudi nyumbani!"

"Mume wangu, nyumbani umenikataza kumlilia kaka yangu. Naye alifungwa kamba na bendera ile ile iliyomfunga Mtopwa. Nitamlilia hapa."

Ndipo milango ikafunguka. Huyu akatoka, yule akatoka. Waliofiwa upande huu, waliofiwa upande ule, wakakaa mkeka mmoja. Ua ukajaa, watu wakakaa hadi njiani.

Askari wakamtazama jumbe. Jumbe akamtazama mkewe. Akageuka, akaenda zake.

Shamba la bondeni likachukuliwa kweli, na kofia ikachukuliwa. Mama na mwana wakapanda mlimani, wakafyeka pori, wakalima upya. Lakini mbiu ile haikupigwa tena, na kila aliyekufa vitani akaliliwa kwa jina lake.

Jueni basi, wanangu: mwenye nguvu aweza kumchukua mtoto wako akafie vita visivyo vyake. Asikuchagulie na wa kumlilia.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipofika, nami naiacha hapo hapo.