Dirisha si Daraja

"Dirisha si daraja." Ndivyo nilivyomwambia mama yenu asubuhi hii, nanyi mkatazamana mkidhani bibi yenu ameanza kuchanganyikiwa. Bado sijafika huko. Mnataka kujua nimeitoa wapi methali ambayo hapa Kasumulu hakuna mwingine anayeisema. Sogeeni basi, chanzo chake ni hiki.

Nilipokuwa msichana nilipelekwa Chekoslovakia kusomea uuguzi. Nilipangiwa mji mdogo uitwao Kövesrév, kando ya mto, na mto wenyewe ndio uliokuwa mpaka. Ng'ambo ilikuwa Hungaria. Lakini hata upande wetu wenyeji wengi walikuwa Wahungari, kwa kuwa mpaka ule ulichorwa na wakubwa waliokuwa mbali, kama huu wa Songwe ulivyotutenga na ndugu zetu wa Malawi. Darasani nilifundishwa kwa Kislovakia. Jikoni kwa mwenye nyumba wangu nilijifunza Kihungari, na hicho cha jikoni ndicho kilichonikaa.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane, Bibi Etelka. Alikuwa mkali kama pilipili nyekundu aliyotia kwenye kila chakula, ila mkono wake ulikuwa wazi. Mdogo wake, Boriska, aliolewa ng'ambo, na nyumba zao zilitazamana, mto katikati.

Daraja la pale lilivunjwa vitani, halikujengwa tena. Ukitaka kuvuka, uombe kibali, usubiri, kisha uzunguke kwa basi hadi daraja la mji mwingine. Kwa hiyo watu walizungumza kwa kupiga kelele. Jumapili, misa ikiisha, ukingo wote ulijaa. "Binti yako kajifungua?" "Kajifungua! Wa kiume!" Na vicheko vikavuka bila kibali. Jambo moja tu halikupigiwa kelele kamwe, nalo ni kifo. Kumtangaza marehemu juu ya maji ni kumvunjia heshima. Aliyefiwa alitundika kitambaa cheusi mbele ya nyumba, akaacha kuanika matandiko dirishani kama wafanyavyo kule kila asubuhi. Wa ng'ambo wakiona, walijua, wakanyamaza.

Matandiko hayo ndiyo yaliyowagombanisha ndugu hawa. Mama yao aliacha mfarishi mnene wa kujifunika, wa manyoya ya bata bukini, wenye mistari myekundu, na Boriska akauchukua. Etelka aliona ni haki yake yeye mkubwa. Jumapili moja, mbele ya watu wote, akapaza sauti, "Boriska! Kuanzia leo mimi sina ndugu!" Boriska aligeuka akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakuonana tena ukingoni.

Lakini kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, Etelka alisimama dirishani kutazama ng'ambo. Mfarishi ukitokea kwenye dirisha la Boriska, alisonya, "Mwizi yule kaamka," kisha akaanza kazi zake akiwa na furaha. Nami nilicheka kimoyomoyo.

Majira ya kuchipua yalipoanza, asubuhi moja mfarishi haukutokea. Siku iliyofuata, mbele ya nyumba ile kulikuwa na kitambaa cheusi.

Kikombe kilimponyoka Etelka, kikapasuka. Nilikuwa nimezoea vilio vya wodini, lakini ukelele ule ulinitoa jasho. "Nilimwambia sina ndugu!" alilia. "Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu!" Akavaa nguo nyeusi, akatundika kitambaa cheusi mbele ya nyumba yetu, na mfarishi wake akauingiza ndani. Majirani walikuja kumpa pole. Hakuna aliyekwenda ukingoni kuuliza, maana desturi ilikataza.

Alikonda. Chakula alikipika, lakini hakukila. Alitaka kitu kimoja tu, apige magoti kaburini kwa mdogo wake aombe radhi. Aliomba kibali akanyimwa, akaomba tena. Hatimaye akapewa cha siku ya kwanza ya Novemba, siku ambayo wote kule hupeleka maua na mishumaa makaburini. Hakuweza kwenda peke yake, nikamsindikiza.

Kwenye daraja la ule mji mwingine palikuwa na msongamano. Watu walikwenda na kurudi wamevaa nyeusi, wamekumbatia maua meupe, na askari wanakagua vibali. Tulikuwa tumefika katikati Etelka aliposimama ghafla. Alikuwa akimtazama mama mmoja aliyetokea upande wa pili, naye ana maua kifuani. Yule mama naye alisimama. Maua yake yakaanguka chini.

Etelka akafanya ishara ya msalaba. "Ee Mama Maria! Boriska?"

"Usinisogelee!" yule mama alipiga kelele. "Wewe umekufa!"

Nywele zilinisimama. Nasema kweli, niliogopa. Askari mmoja aliacha kukagua, na watu wote waliotuzunguka wakageuka kututazama.

"Wewe ndiye uliyekufa," Etelka alisema. "Niliona kitambaa cheusi."

"Kilikuwa cha mpangaji wangu wa chini, mzee yule wa posta. Lakini wewe? Kwako nimekiona kwa macho yangu!"

"Kile kilikuwa chako wewe, Boriska! Nilikuwa nakulilia wewe! Na mfarishi?"

"Nilianguka ngazini, mkono ukavunjika. Sikuweza kuuinua. Na ulipopona, nikaona kwako msiba, nikajua ni wewe. Sijaulalia wala kuuanika tena, dada. Niliuona ni mchungu." Akatazama maua yaliyolala miguuni. "Haya nilikuwa nayaleta kwenye kaburi lako."

Etelka alimwonyesha ya kwake.

Ndipo wakakumbatiana, wakalia kwa sauti, na mimi nikalia, na askari akageukia mtoni akijifanya anachunguza maji. Miezi yote ile walikaa wakililiana, kila mmoja yu hai, na sauti moja tu ingevuka. Boriska ndiye aliyejifuta macho kwanza, akasema, "Dirisha si daraja, dada yangu." Walioisikia wakaenda nayo pande zote mbili, na mpaka naondoka, mji mzima ulikuwa unaisema.

Kabla kibali hakijaisha, Etelka aliomba radhi, Boriska akaomba pia. Majira yaleyale ya baridi Boriska alifariki, safari hii kweli. Etelka alilia, lakini usiku alilala. Mfarishi wa mama yao aliletewa, kwa wasia wa marehemu.

Sasa nanyi mmeelewa kwa nini nilisema vile asubuhi. Mama yenu, huyo aliye jikoni, amegombana na mjomba wenu Mwaisaka, aliye ng'ambo ya Songwe. Nikamuuliza habari zake, akanijibu, "Hajambo, naona picha zake kwenye simu." Picha!

Mbona jikoni kumekuwa kimya? Subilaga! Najua unasikiliza. Ugali nitaugeuza mimi. Viatu vyako viko mlangoni, na mpaka haujafungwa. Nenda, mwanangu. Dirisha si daraja.