Vijidudu vya Kigeni

Hapo zamani, tena zamani ya juzijuzi tu, huko Marekani kwenye mashamba ya mahindi, palikuwa na mji uliokunywa maji ya kisima kimoja. Mtaalamu wa maji, Bi Ingrid Halvorsen, akayapima, akabandika tangazo: "Maji yana vijidudu vya kigeni." Alimaanisha vijidudu visivyopaswa kuwamo majini. Angeandika "Chemsheni maji," mambo yangekwisha. Hakuandika.

Bwana Wendell Prewitt, mgombea wa wahafidhina, akalisoma tangazo lile mkutanoni. "Mmesikia? Vya kigeni. Nani kavileta kama si wageni, wakisaidiwa na wasomi? Maji yetu ni safi. Asiyeyanywa si mwenzetu." Watu wakashangilia. Jamani, kwa neno moja tu mji mzima ukaanza kuchunguliana madirishani.

Roy Tackett, fundi wa matrekta, alimwamini sana Prewitt. Lakini binti yake mdogo, Josie, alipoanza kuhara, Roy akaogopa. Akabisha kwa Bi Ingrid.

"Bi Ingrid, niambie kweli. Mtoto ayanywe, asiyanywe?"

Bi Ingrid alikuwa ameitwa msaliti mchana kutwa. Akajibu bila kufungua mlango: "Si mmesema hamtaki wasomi? Kamuulize Prewitt."

Roy akaenda kwa Prewitt. Akamkuta jikoni, anawamiminia wanawe maji ya chupa ya dukani. Aliyaona kwa macho yake mawili.

"Ya kisima ni safi, ndugu yangu," Prewitt akamwambia.

Na Roy, hapa hata mimi ninayesimulia naishiwa maneno, akarudi nyumbani akampa mtoto maji ya kisima. Majirani walikuwa wanatazama.

Josie akafa.

Makaburini walifika wote watatu. Mama wa mtoto, Lorena, akasema, "Aliyemuua mwanangu aondoke."

Hakuna aliyesogea.

"Mimi niliwaonya, nikaambulia matusi," akasema Bi Ingrid.

"Mimi nilisema walichotaka kusikia," akasema Prewitt. "Sikumshika mtu nikamnywesha."

"Mimi nilibisha milango yote miwili," akasema Roy, huku analia. "Na hakuna kati yenu aliyempenda kama mimi."

Lorena alikuwa na nguvu za kumfukuza mmoja tu. Haya, ninyi mnaonisikiliza: ingekuwa mnazika mtoto wenu, nani angeondoka?