Taulo la Mzee Ambakisye

Karibuni, mwenye baridi asogee motoni, maana kisa chenyewe ni cha baridi.

Huko Tukuyu, kwenye mvua isiyojua likizo, palikuwa na mzee mmoja mgane, jina lake Ambakisye, na watu wake watatu. Lusekelo, bintiye, alikuwa na sikio: alisikia hata lile ambalo mtu hakulisema. Ipyana, kitinda mimba, alikuwa na subira ya kuchagua. Kununua ndoo tu kulimmalizia asubuhi nzima. Subilaga, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa fundi umeme mwenye mkono wa uhakika.

Ila Subilaga na mzee hawakuwahi kutazamana usoni. Kwa mila ya Wanyakyusa wa zamani, mkamwana humkwepa baba mkwe. Akimwona njiani humpisha, na akiwa ndani yeye hubaki nje. Siku hizi wengi wameiacha. Mzee hakuiacha, na Subilaga alimtunzia heshima hiyo miaka kumi na minane.

Basi, tangu mkewe afariki, mzee aliogopa kuoga. Alioga mara moja kwa wiki, kwa kujilazimisha. Mwisho akaacha hata kwenda kanisani, alikoimba besi tangu ujana, kwa kuonea haya harufu yake mwenyewe. Watoto wakamwekea hita ya maji. Maji yakatoka ya moto kabisa, na mzee akabaki na koti lake lilelile. Wakakuna vichwa.

"Atakayenirudishia hamu ya kuoga," akasema, "ndama jike wa ng'ombe wa mama yenu ni wake."

Ng'ombe huyo, mama yao alimlea kwa mikono yake. Ndama alikuwa mmoja tu.

Lusekelo akaja kufua nguo. Bafuni akakuta taulo zito, baridi, linanuka ukungu. Akakaa karibu na baba yake akimenya ndizi, akauliza kama anayeulizia habari za jirani, "Baba, hivi mama alikuwa analianika wapi taulo lako?"

Mzee akageukia jikoni. "Halianiki. Analishikilia juu ya moto jikoni, nikimwita analileta. Miaka arobaini na sita, mwanangu, sikuwahi kujifuta kwa kitu cha baridi."

Alimzungumzia marehemu kana kwamba yuko jikoni. Lusekelo akaelewa kwamba maji hayakuwa na kosa. Kilichomshinda baba yake ni ile dakika ya kutoka kwenye maji.

Ipyana akaenda Mbeya kutafuta hita ya taulo, yale mabomba yaliyopangwa kama ngazi, yanapata moto na taulo linatandazwa juu yake. Mwenye duka akamtolea moja kubwa, inang'aa mpaka unajiona. Ipyana akauliza inapataje joto. Kumbe ni kwa maji ya moto yanayozungushwa ndani ya kuta, na kuta za baba yake hazikuwa na bomba la namna hiyo hata moja. Akaiacha. Duka la pili walikuwa na ya umeme, ila nyembamba. Akatoa taulo la baba yake kwenye mfuko, akalitandaza mbele ya wateja. Ikabidi likunjwe mara nne, na likikunjwa hivyo halikauki katikati. Duka la sita ndipo akaridhika na upana. Hata hapo akaomba iwashwe, akaweka kiganja juu yake akahesabu mpaka mia, maana ngozi ya mzee ni laini.

"Kaka, unanunua hita au unaoa?" mwenye duka akamuuliza.

Subilaga akasubiri mzee apelekwe kwa jirani, ndipo akaingia na vifaa vyake. Ukuta wa tofali za udongo haukushika skrubu, akafunga kwanza ubao mzito wa kubeba hata mtu akiegemea. Akaiweka mbali na maji yanaporukia, na swichi akaitoa nje ya mlango, isiguswe na mkono uliolowa. Sasa, urefu gani? Mabega ya mzee yalikuwa hayanyanyuki, na Subilaga hakuwahi kusimama karibu naye amkadirie. Akautazama ukuta. Mahali pamoja rangi ilikuwa imefifia, umbo la kiganja; hapo ndipo mzee alipojishikilia miaka yote. Subilaga akaweka kiganja chake juu ya alama ile, akasimama kidogo. Bomba la juu akalipitisha hapohapo.

Jioni mzee akaoga. Akanyoosha mkono bila kutazama, likamgusa joto. Lusekelo, aliyekuwa barazani, akamsikia akilia. Baadaye akamsikia akiimba besi.

Jumapili akaenda kanisani. Jumatatu akamfungua ndama.

"Mpe wifi," Lusekelo akasema. "Ingefungwa juu, usingeifikia."

Nyuma ya mlango wa jiko Subilaga akajibu, "Mwambieni baba ni wa Ipyana. Mimi ningefunga chochote alicholeta, hata pambo la baridi."

"Mimi?" Ipyana akacheka. "Bila dada ningekuja na hita ya maji ya pili."

Wakawa wanasukumiana, na mzee akazidi kuumia. Alitaka kukitoa kwa mkono wake mwenyewe kitu cha mwisho cha mkewe, kwa mtu aliyemrudishia joto lake. Na akimchagua Subilaga, itabidi amtazame usoni, mila ivunjike. Akimpa kupitia mkono wa mwingine, ataona amempa nusu.

Mvua ilikuwa inaanza, na ndama alikuwa anamlamba vidole. Mimi ninachokijua kinaishia hapo.

Haya, semeni ninyi: aliyesikia, aliyechagua, au aliyefunga? Ungekuwa wewe umesimama pale uani, kamba ungemnyooshea nani?